Nyoka Mwenye Nchi: Kashmir, Manipur na Chota Nagpur

Siku ya tano tangu mwezi wa Shravana kuandama, kati ya Julai na Agosti, Wahindu wa sehemu nyingi za India na Nepal huadhimisha Nag Panchami. Wanawake huchora swila kando ya milango ya nyumba zao, na sanamu za nyoka zilizochongwa mawe na kusimikwa chini ya miti mikubwa humwagiwa maziwa. Katika vijiji vingi hakuna anayelima siku hiyo, kwa sababu jembe likichoma ardhi huenda likamjeruhi aliyelala chini yake.

Wengi huieleza desturi hii kwa hofu, na hofu hiyo si ya bure. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikadiria kwamba watu wapatao milioni 1.2 waliuawa na nyoka nchini India kati ya 2000 na 2019, yaani wastani wa 58,000 kwa mwaka. Nusu ya vifo hivyo hutokea kati ya Juni na Septemba, majira ya mvua, na ndiyo majira ya sikukuu yenyewe. Anayepanda mpunga pekupeku ana kila sababu ya kumbembeleza swila. Hata hivyo, hofu inaeleza tu kwa nini mkulima amwepuke nyoka. Haielezi kwa nini mfalme ajiite kizazi chake, wala kwa nini watu wa bonde zima waamini kwamba wanaishi hapo kwa idhini yake.

Ili kulifuatilia swali hilo, nawalinganisha nyoka wa nchi tatu za juu: Kashmir katika milima ya Himalaya, Manipur mpakani mwa India na Myanmar, na uwanda wa vilima wa Chota Nagpur, ambao sehemu yake kubwa leo iko katika jimbo la Jharkhand. Zote tatu zilikuwa na falme za muda mrefu, na katika zote nyoka anatajwa mwanzoni kabisa mwa historia. Ninachokiona katika masimulizi yao ni kwamba nyoka huyo ni mwenye nchi. Kumheshimu ni kukiri kwamba ardhi ilikuwa na wenyewe kabla ya mfalme, kabla ya kuhani na kabla ya mkulima. Kila nchi ilikiri kwa njia yake: Kashmir kwa mkataba, Manipur kwa nasaba, na Chota Nagpur kwa mtoto wa kulea. Njia iliyochaguliwa ndiyo iliyoamua baadaye nani ahesabiwe mwenyeji na nani abaki mgeni.

Msingi wa fikra hii umo ndani ya utenzi wa Mahabharata, na ni msingi wenye damu. Krishna na Arjuna wanauteketeza msitu wa Khandava, ulio karibu na mji mpya wa ndugu Wapandava. Msitu huo ni makao ya Takshaka, mmoja wa wakuu wa naga, yaani nyoka wenye uungu wanaoweza kujigeuza watu. Viumbe wanaojaribu kutoroka wanarudishwa motoni kwa mishale. Takshaka hayupo siku hiyo, hivyo anapona, na baadaye anamuua kwa sumu Parikshit, mjukuu wa Arjuna. Janamejaya, mwana wa Parikshit, analipiza kisasi kwa tambiko la moto la kuwamaliza naga wote. Wanavutwa na maneno ya makuhani na kuanguka motoni, mpaka kijana Astika anapofika mbele ya mfalme kuomba tambiko likome. Baba yake Astika ni Mbrahmin, mama yake ni wa ukoo wa naga. Mapokeo mengi yanaiunganisha Nag Panchami na siku ule moto ulipozimwa.

Wataalamu wamebishana sana juu ya naga hawa. James Fergusson katika karne ya 19, na baada yake C. F. Oldham, waliwaona kuwa kabila halisi la watu lililogeuzwa nyoka na wasimulizi. J. Ph. Vogel alilikataa wazo hilo mwaka 1926: kwake naga ni nyoka kwanza, na ni nguvu ya maji, mvua na chemchemi. Irawati Karve, mwanaanthropolojia wa Pune, aliusoma moto wa Khandava katika kitabu chake Yuganta kama unyang'anyi wa ardhi uliovishwa joho la ushujaa. Uhakiki linganishi haulazimiki kuamua kama kulikuwa na kabila la namna hiyo. Inatosha kuona kwamba masimulizi yenyewe yanajua jinsi ardhi inavyochukuliwa, na yanajua kwamba aliyenyang'anywa hurudi.

Huko Kashmir masimulizi yanaanza na ziwa. Bonde lake lina urefu wa kilomita zipatazo 135, milima imelizingira pande zote, na maji yake hutoka kwa mto Jhelum kupitia korongo la Baramulla. Wanajiolojia wanakubali kwamba zamani palikuwa na ziwa: matabaka ya udongo yaitwayo karewa, ambayo huko Pampore hulimwa zafarani, yaliachwa na maji hayo. Nilamata Purana, matini ya Kisanskriti iliyotungwa kati ya karne ya 6 na ya 8, inalisimulia jambo hilo kwa lugha ya miungu. Ndani ya ziwa walikaa naga, na pamoja nao zimwi Jalodbhava ambaye majini hakuwa na wa kumshinda. Mzee Kashyapa, baba wa naga, aliwaomba miungu msaada. Naga Ananta alipasua mlima, maji yakatoka, na Vishnu akamuua zimwi.

Masharti yaliyofuata ndiyo yenye uzito. Kashyapa alitaka binadamu wakae kwenye nchi iliyokauka, lakini naga walikataa kuishi nao. Kwa hasira akawalaani waishi na mapishacha, viumbe wa kutisha. Nila, mfalme wa naga, akambembeleza baba yake, na mwafaka ukafikiwa: watu wangekaa miezi sita ya joto, wavune, kisha waondoke, na mapishacha wangeshika nchi wakati wa theluji. Hali hiyo ilidumu kwa enzi nyingi, hadi Mbrahmin mzee aitwaye Chandradeva alipobaki nyuma majira ya baridi na kujikuta katika kasri la Nila. Aliomba watu waruhusiwe kukaa mwaka mzima. Nila alikubali, akamfundisha ibada ambazo wangepaswa kuzitimiza, ikiwemo sherehe ya siku theluji ya kwanza inapoanguka, ambayo Nila mwenyewe huabudiwa. Kwa hiyo kalenda nzima ya sikukuu za Kashmir ni kodi ya pango: inalipwa kwa mwenye nyumba ambaye hajahama, yuko chini, kwenye kila chemchemi.

Asiyelipa naye ana hadithi yake. Kalhana, aliyeandika Rajatarangini mwaka 1148 na 1149, anasimulia juu ya naga Sushravas, aliyemwoza binti yake Chandralekha kwa Mbrahmin kijana. Mfalme Nara alimtamani mwanamke huyo na kujaribu kumteka. Baba mkwe akatoka majini kwa ngurumo na mvua ya mawe, akauangamiza mji pamoja na mfalme wake. Kisha, akiwa amelemewa na majuto kwa mauaji hayo, akahamia ziwa la mbali ambalo, anasema Kalhana, mahujaji wa Amarnath huliona njiani. Kalhana anapima wafalme kwa kipimo kilekile katika kitabu chake chote: mfalme anayedhulumu anaiponza nchi. Naga kwake ni mmoja wa mahakimu wa kesi hiyo.

Mkataba wa namna hii una sifa moja kubwa: unaweza kurithiwa na asiyeshiriki dini ya aliyeutia saini. Uislamu ulienea Kashmir katika karne ya 14, na ukoo wa Shah Mir ukashika dola mwaka 1339. Chemchemi hazikubadilika majina. Anantnag, Verinag na Kokernag bado zinaitwa hivyo, na wengi wanaozitaja kila siku ni Waislamu. Abul Fazl, mwandishi wa Akbar mfalme wa Kimughal, alirekodi mwishoni mwa karne ya 16 kwamba nchini humo palikuwa na mahali 700 penye sanamu za nyoka zinazoabudiwa. Mwaka 1620 Jahangir, mwana wa Akbar, aliizungushia chemchemi ya Verinag birika la mawe la pembe nane. Chemchemi hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa makao ya Nila na chanzo cha Jhelum. Mfalme Mwislamu hakumwabudu nyoka, lakini aliyatunza maji yake, na mwenye nchi hakudai zaidi ya hapo.

Manipur nayo ni bonde ndani ya milima, na nayo ina masimulizi ya maji yaliyoifunika nchi kabla ya kupata mlango wa kutokea. Ziwa Loktak, lenye visiwa vya mimea vinavyoelea, limebaki hadi leo. Lakini hapa nyoka hakai chini akisubiri kodi. Amekaa kwenye kiti cha enzi. Kwa Wameitei, watu wa bondeni, Pakhangba ni mungu anayeonekana kwa umbo la nyoka aliyejikunja, mara nyingi mkia ukiwa mdomoni, na pia ni jina la mfalme wa kwanza, Nongda Lairen Pakhangba. Tarehe za utawala wake katika kumbukumbu za kifalme, Cheitharol Kumbaba, zinaanzia mwaka 33, ingawa kumbukumbu zenyewe zilianza kuandikwa chini ya mfalme Kyamba katika karne ya 15. Ukoo wa Ningthouja, uliotoa wafalme, unamhesabu Pakhangba kuwa babu yake.

Jinsi alivyopata kiti hicho inasimuliwa hivi. Baba wa miungu aliwaambia wanawe wawili, Sanamahi na Pakhangba, kwamba atakayetangulia kuizunguka dunia ndiye atakayetawala. Sanamahi, mkubwa, akatoka mbio. Pakhangba, kwa ushauri wa mama yake, akakizunguka kiti cha baba yake, na kiti hicho kikahesabiwa kuwa dunia. Mkubwa alirudi akiwa amechelewa na mwenye ghadhabu, akatulizwa kwa kupewa nafasi ndani ya kila nyumba. Mpaka leo Sanamahi huwekewa pembe yake ya ibada nyumbani, na Pakhangba ni wa dola. Msomaji anayezijua hadithi za Kihindu atamkumbuka Ganesha, aliyemshinda nduguye Kartikeya kwa kuwazunguka wazazi wake. Tofauti iko kwenye tuzo. Ganesha anapata heshima ya kutangulizwa, na katika baadhi ya masimulizi anapata tunda. Pakhangba anapata nchi.

Tofauti kubwa zaidi na Kashmir ni kwamba hapa mgeni ni Uhindu wenyewe. Pamheiba, aliyetawala kuanzia 1709 hadi 1748 na kujulikana pia kama Garib Niwaz, alipokea dini ya Vishnu. Chini ya mwalimu wake Shantidas, aliyetoka Sylhet, aliifanya dini ya dola. Mapokeo ya Kimeitei yanakumbuka kwa uchungu jinsi vitabu vya kale, puya, vilivyochomwa moto karibu na mwaka 1730. Lakini mfalme aliyeweza kuchoma vitabu hakuweza kumchoma babu wa ukoo uliompa taji. Suluhisho likawa kumpa babu huyo uraia mpya. Pakhangba akatambuliwa kuwa Ananta, nyoka anayembeba Vishnu, na ikasimuliwa kwamba Shiva na Parvati walipocheza ngoma bondeni, Ananta aliwamulikia kwa kito cha kichwani mwake. Wafalme nao wakaunganishwa na Babruvahana wa Mahabharata, mwana wa Arjuna na Chitrangada. Katika utenzi huo Babruvahana anamuua baba yake katika pambano, na anayemfufua Arjuna kwa kito cha naga ni Ulupi, mke wake mwingine, binti wa ukoo wa nyoka.

Matambiko hayakungoja ruhusa ya maandishi. Katika Lai Haraoba, sherehe kubwa ya miungu ya Wameitei, makuhani wa kike waitwao maibi huwaita miungu kutoka majini kwa nyuzi, kana kwamba wanawavuta pole pole hadi ufukweni. Kisha mwili, nyumba, kilimo na ufumaji huumbwa upya kwa hatua za ngoma, na kuelekea mwisho wachezaji hujipanga katika mizunguko inayofuata mistari ya mwili wa chatu. Uhindu wa kifalme ulitoa sanaa yake yenyewe, ngoma ya Ras ya Krishna iliyoanzishwa na mfalme Bhagyachandra mwaka 1779. Ngoma hizo mbili ziliishi katika bonde moja, mara nyingi katika familia moja.

Nyoka wa nasaba ana nguvu ambayo nyoka wa mkataba hana: anaweza kuwa bendera. Waingereza walipoishinda Manipur mwaka 1891 na kumnyonga mwanamfalme Tikendrajit, waliikalia Kangla, ngome yenye bwawa linalohesabiwa kuwa makao ya Pakhangba. Kangla ilibaki mikononi mwa majeshi, kwanza ya Waingereza kisha ya India huru, mpaka Novemba 2004, miezi michache baada ya maandamano ya wanawake mbele ya lango lake. Kabla ya hapo, mwaka 1930, Naoria Phulo alikuwa ameanzisha huko Cachar harakati za kuwarudisha Wameitei kwenye dini ya mababu. Pakhangba aliyekuwa amepewa uraia wa Kihindu sasa akaitwa kutoa ushahidi dhidi ya Uhindu.

Lakini babu wa ukoo si babu wa kila mtu. Bonde ni sehemu moja ya kumi tu ya eneo la Manipur. Milima iliyobaki ni ya Wanaga na Wakuki, na Wanaga hawa ni watu wenye jina linalofanana tu na la nyoka, wasichanganywe. Wana masimulizi yao ya asili, na nasaba ya Pakhangba haiwahusu. Mei 2023 ugomvi juu ya haki za kabila na ardhi ulilipuka kati ya Wameitei na Wakuki, ukaua zaidi ya watu 200 na kuwahamisha maelfu kwa maelfu. Si haki kumlaumu nyoka kwa hilo. Hata hivyo, nchi inayosimuliwa kuwa urithi wa kizazi kimoja humpa jirani wa mlimani sababu ya kuuliza yeye anasimama wapi.

Chota Nagpur ilijaribu njia ya tatu. Nasaba za wafalme Wanagvanshi, zilizoandikwa katika karne ya 19, zinasema kwamba naga Pundarika alijigeuza mtu, akaenda Varanasi na kumwoa Parvati, binti wa Mbrahmin. Kitu kimoja hakuweza kukibadili: ulimi wake ulibaki na panda mbili. Mke alikuwa akiuliza na mume akikwepa, mpaka waliporudi kutoka hija ya Puri na kufika Sutiambe, karibu na Ranchi ya leo. Hapo Pundarika alisema ukweli, akarudia umbo lake na kuzama kwenye kidimbwi. Mke alijifungua mtoto wa kiume, kisha yeye mwenyewe akafa. Swila alimfunika mtoto kwa kivuli cha kichwa chake kilichotanuka, hadi alipookotwa na kupelekwa kwa Madra, chifu wa Wamunda. Madra alimlea pamoja na mwanawe wa kumzaa. Wakati wa kuchagua mtawala ulipofika, Madra na machifu wenzake walimpendelea yule wa kulea, Phani Mukut Rai, na ukoo wake ukatawala hadi mfumo wa umwinyi ulipofutwa katika miaka ya 1950.

Hapa kazi ya nyoka imegeuzwa. Huko Kashmir naga ndiye mwenyeji. Katika Chota Nagpur wenyeji ni watu, Wamunda, waliofyeka msitu na kuzika wafu wao chini ya mawe makubwa ambayo kwao ni ushahidi wa umiliki. Nyoka ndiye anayemleta mgeni. Anampa mtoto damu ya chini ya ardhi upande wa baba na damu ya Kibrahmin upande wa mama, ili asionekane mvamizi wala mtu wa hivi hivi. Hadithi inasisitiza kwamba Madra aliridhia. Wajukuu wa Wamunda waliulipia ukarimu huo. Katika 1831 na 1832 uwanda huo uliwaka maasi baada ya vijiji kukodishwa kwa watu wa kutoka nje, na ndugu wa mfalme mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliovikodisha. Katika 1899 na 1900 Birsa Munda aliongoza maasi mengine kwa madai yaleyale ya ardhi.

Waswahili wana mfano wa jambo hili usiokuwa na nyoka. Mapokeo ya Kilwa yanasema kwamba Ali bin Hassan wa Shirazi alikipata kisiwa kwa kumpa mwenyeji wake nguo za kutosha kukizunguka chote. Katika masimulizi hayo mwenye nchi ni mtu: anapokea malipo na kuhamia bara. Ukiiweka Kilwa kando ya nchi hizi tatu, unaona nyoka anafanya kazi ambayo mtu hawezi kuifanya. Hanunuliki akaenda zake. Kila mwaka theluji inaanguka, mvua inanyesha, naye yuko palepale, na deni linaanza upya. Mgeni wa Kilwa alimaliza hesabu siku moja. Mgeni wa Kashmir hamalizi.

Hilo linaniongoza kuupa mkataba wa Kashmir nafasi ya juu kuliko nasaba na kulea, kwa kuwa ndio pekee usiomlazimisha mwenye nchi kuwa jamaa ya mtawala. Lakini nao una mpaka wake. Huko Tulmulla, hekalu la Kheer Bhawani limejengwa juu ya chemchemi, na kwa vizazi Waislamu wa jirani wamewauzia mahujaji Wahindu maziwa na maua. Hayo hayakuzuia Wapandit wengi, Wahindu wenyeji wa Kashmir, kulikimbia bonde kwa vitisho na mauaji mwaka 1990, na sasa wengi wao hurudi kwa siku chache za hija tu. Ibada inaweza kumkumbusha mtu kwamba yeye ni mpangaji. Haiwezi kumlinda mpangaji mwenzake.

Ndiyo maana heshima kwa nyoka isipimwe kwa wingi wa maziwa yanayomwagwa. Ipimwe kwa hali ya wale ambao nyoka huyo alisimama mahali pao. Kwa kipimo hicho, hatua kubwa zaidi katika historia hizi tatu haikutokea hekaluni. Ni Sheria ya Ardhi ya Chota Nagpur ya mwaka 1908, iliyotungwa na serikali ya kikoloni baada ya maasi ya Birsa. Ilitambua khuntkatti, haki ya pamoja ya kizazi cha waliofyeka msitu kwanza, na kuweka vizuizi dhidi ya kuihamishia ardhi hiyo kwa watu wa nje. Ina mianya, imerekebishwa mara nyingi, na bado inapiganiwa mahakamani na barabarani huko Jharkhand. Lakini inamtaja mwenye nchi kwa jina lake la kibinadamu, na inamruhusu kwenda kudai mwenyewe.